Maji Aliyonyimwa Violet

Hedwiga hakuwahi kugombana na mtu kwa sababu ya maji mpaka mtoto wake wa mwisho alipozaliwa, tena mtu mwenyewe akawa Violet. Na hata hapo hakugombana. Alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini, mlangoni kwake. Lakini yapo maneno, ndugu zangu, ambayo bora hata ungemzaba mtu kofi.

Hedwiga alizaliwa Kibosho, upande wa Kilimanjaro, ambako mtoto akishikwa na kiu huinama mferejini, akanywa, akarudi kwenye mchezo wake. Alipoposwa na Abdiel, Mmeru wa vilima vya juu ya Makumira, mama yake alilalamika mpaka koo likakauka. Alilalamikia dini, maana Abdiel alikuwa Mlutheri na wao Wakatoliki tangu enzi za bibi. Alilalamikia umbali. Alilalamikia hata kimo cha bwana harusi. Kuhusu maji ya kule Meru hakusema kitu, na nani angemlaumu? Posa hutazamwa ukoo, shamba na tabia, hakuna anayeuliza binti atakunywa nini.

Huko alikoolewa, mtu wa kwanza kumpokea kwa moyo mmoja alikuwa Violet, mke wa kaka yake Abdiel. Nyumba zao zilitenganishwa na migomba na kijinjia cha kupitisha ng'ombe. Violet ndiye aliyemfundisha Kimeru cha kusalimia wazee, na ndiye aliyemfundisha namna ya kumjibu mama mkwe bila kumjibu. Hedwiga alipojifungua Manase, mtoto wa kwanza, Violet ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, akamkorogea uji, akamfulia nguo za uzazi ambazo hata ndugu wa damu huzifua amekunja uso. Haya sitaki yasahaulike. Mtu akikufulia nguo zile, huna tena cha kumficha.

Manase alikua mchangamfu, akatembea mapema, tena kwa mbio. Kisha magoti yakaanza kuachana. Kila mwezi yalizidi kuachana kidogo, kwa namna ambayo mama anaiona na kujifanya haoni. Alipoanza shule alikuwa na matege ya kutosha kuku kupita katikati, na wenzake, watoto hawana adabu, walikuwa wanamwita kwa mbali: "Manase, funga banda, kuku wanatoka!" Meno nayo yakaota ya kahawia, yenye madoa. Akawa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Baadaye akaona shida yote ya nini, akaacha kucheka.

Si kwamba alikuwa peke yake. Kitongoji kizima kilikuwa na meno hayo, na matege yalikuwa nyumba hata nyumba. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mama mkwe alisema Hedwiga alimsimamisha mtoto kabla ya wakati. Wengine walisema ni kubebwa vibaya mgongoni. Hedwiga mwenyewe alizunguka na mtoto hospitalini akaambiwa ampe maziwa na jua. Maziwa alimpa. Jua, Mungu ashukuriwe, halina duka.

Halafu kahawa ikafa. Ushirika ulipolegea na soko likaachiwa huria, wanunuzi walikuja kila mmoja na gari lake na mzani wake, na mwaka wa kwanza watu walicheka kweli. Baada ya hapo bei iliporomoka, dawa za mibuni zikapaa, na Abdiel akashika panga akaifyeka mibuni iliyopandwa na baba yake. Aliifyeka huku analia, msidanganywe na wanaosema mwanaume halii. Palipokuwa na kahawa wakapanda mahindi na maharage, na Abdiel akaenda kulinda geti kwenye shamba la maua huko Usa River. Nyumbani kwa Hedwiga nyama ikawa ya Krismasi, wali wa Pasaka. Siku nyingine zote ni maharage: maharage na ndizi, maharage na mahindi, maharage na maharage wenzake.

Na maharage yanakula kuni hayo, wee acha tu. Msitu wa juu una walinzi, na kuni za kununua si za mke wa mlinzi wa geti. Hedwiga akapika kama alivyofundishwa na mama yake, na kama walivyopika wanawake wote wa pale: anavunja kipande cha magadi, yale yanayoletwa sokoni Tengeru na kina mama wa Kimaasai kutoka nyikani, anatupia chunguni, na maharage yanalainika kabla moto haujazimika.

Mwaka huohuo wa panga na mibuni alizaliwa Elinami. Msichana, mnene, mwenye vifundo vya mikono kama amefungwa uzi. Hedwiga alimpenda kwa hofu. Asubuhi akimwogesha alikuwa anamnyoosha miguu juu ya mapaja yake, anayalinganisha magoti, anaomba. Hakuwa anaomba makubwa. Hakuomba Elinami awe daktari wala aende Ulaya. Alikuwa anasema: Mungu wangu, wa kwanza umemchukua miguu, huyu niachie. Basi. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake lote hapa duniani.

Utafiti ulikuja Elinami akiwa bado anatambaa. Walikuwa wageni wa ng'ambo pamoja na vijana wa Arusha mjini waliosoma, na mkuu wao alikuwa mama mmoja wa Kizungu, wa makamo, mtaratibu, aliyekuwa anajitahidi Kiswahili mpaka unamhurumia. Watu wakampa jina la Mama Utafiti. Akaeleza kwenye uwanja wa kanisa kwamba maji ya huku yana madini yanayoitwa floraidi, kwamba yanatoka ndani ya mlima wenyewe, na kwamba hayo ndiyo yanayochafua meno na kupinda mifupa ya watoto.

Mama mkwe wa Hedwiga alikuwa amekaa mbele, akatazama chini. Miaka yote ile ya kumsema mkwe wake! Hedwiga hakumtazama. Alikuwa anatazama miguu ya Elinami.

Wageni walikuwa wameleta chujio. Ni ndoo mbili zilizopandana, ya juu ikiwa na mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ya chini ina koki. Unamimina maji juu, yanapita kwenye mkaa, mkaa unameza madini, unakinga maji safi chini. Lakini hawakuleta ya kila mtu. Walitaka kwanza kujua mambo mawili: kama chujio linaokoa miguu ya watoto, na kama mtu akipewa kitu bure atakitunza au atakitupa nyuma ya nyumba. Eti. Kwa hiyo nusu ya wenye watoto wadogo wangepewa, nusu wasipewe, halafu baada ya miaka miwili walinganishwe. Likionekana linafaa, na wengine watapata.

"Na nani atachagua?" aliuliza mwenyekiti wa kitongoji.

"Hakuna atakayechagua," alijibu Nasri, kijana wa mjini aliyekuwa mkalimani na ndiye angekuwa anapita nyumba kwa nyumba. "Ni bahati ya mtu. Tukichagua sisi, mtasema tumependelea."

Vizibo vya soda viliwekwa kwenye ndoo, ndoo ikafunikwa kanga. Vingine vimepakwa rangi nyekundu, vingine vitupu. Kina mama wakapita mmojammoja, wanatia mkono kama watoto kwenye sherehe. Violet alitangulia, na Hosiana wake mgongoni, mtoto wa rika moja na Elinami. Akatoa kizibo kitupu. Akakirusha juu, akakidaka, akacheka: "Bahati yangu ilikwisha siku niliyopata mume!" Watu wakacheka naye. Kisha Hedwiga akatia mkono, akatoa chekundu.

Alipiga magoti palepale kwenye vumbi. Hakuona aibu hata kidogo.

Nasri alimfungia chujio jikoni siku ileile, akamweleza sharti. Maji haya ni ya kunywa na kupikia, kwa familia hii tu. "Mama, nisikilize vizuri," alisema. "Mkaa huu una kipimo chake. Mkitumia wenyewe, utafika mpaka tutakapokuja kuubadilisha. Ukigawia majirani, mkaa utakufa mapema. Na mkaa ukifa hutajua. Maji yatatoka meupe vilevile, ladha ileile, lakini mtoto atakuwa anakunywa ugonjwa." Hedwiga akaitikia kwa kichwa. Neno lile la mwisho lilimwingia mahali pabaya.

Kisha Nasri akamuuliza maswali yake ya utafiti. Mengine yalikuwa ya maana, mengine, jamani, hata hayaeleweki. "Ukipewa kilo moja ya sukari leo, au kilo mbili baada ya mwezi, utachagua ipi?"

"Nani atazileta hizo mbili?"

"Tuseme sisi."

"Na mtakuwepo?"

"Tuseme tutakuwepo, mama."

Hedwiga alicheka. "Mwanangu, tumeahidiwa zahanati hapa tangu Manase hajazaliwa. Msingi umeota majani, mbuzi wanafungwa pale. Andika leo."

Nasri akaandika. Hedwiga akainuka akafunua chungu ampakulie, maana jua lilikuwa limeshapinduka na kijana alikuwa ametembea. Nasri akakataa. Hedwiga akadhani ni mambo ya dini, akamtania: "Ni maharage haya, si nguruwe! Kula, hata shehe wako angeyabariki."

"Si hivyo, mama. Tumekatazwa kula kwenye nyumba za utafiti. Hata maji. Wanasema tukila kwenu, mtatujibu kwa kutufurahisha."

"Umekatazwa kula? Na nani, mama yako mzazi?" Lakini kijana alishikilia, akaaga. Hedwiga akabaki na mwiko mkononi, amechukia. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Huyu mgeni alikuja akatoka mkavu, na mwenyeji akabaki na ugonjwa wake.

Violet alikuja kesho yake na jagi. Hakubisha hodi, kwa nini abishe? Miaka yote alikuwa anaingia jikoni mle kama kwake. "Nimekuja kuchota bahati yako, Mama Manase," alisema huku anacheka. "Nipe ya Hosiana tu. Mimi na meno yangu tumeshazoeana."

Hedwiga alikuwa amemkalisha Elinami mkekani. Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa kigoda, anajaribu kusimama, magoti yanatetemeka. Hedwiga aliyatazama magoti yale, akasogea, akasimama katikati ya mlango.

"Hapana," alisema.

Violet aliendelea kucheka kidogo, akingoja sehemu ya pili ya utani. Haikuja. Hedwiga akaanza kueleza mkaa, kipimo, sharti la wageni, lakini maneno yalikuwa yanatoka yamevunjikavunjika, na kila alilosema lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

"Maji, Hedwiga?" alisema Violet. Alikuwa hajawahi kumwita jina lake kavu hivyo. "Ya mtoto? Maji?"

Akageuka na jagi lake, akapita kwenye kijinjia, hakuangalia nyuma. Hedwiga alitaka kumwita. Mungu ni shahidi, mdomo ulifunguka. Lakini Elinami alikuwa ameshasimama, na Hedwiga hakumwita.

Sasa mseme mnavyotaka, ila mjue jambo moja: wenzake wote waliotoa kizibo chekundu walikuwa wanagawa. Wote! Asubuhi ungeona majagi na madumu yanapita migombani kama siku ya harusi. Nasri akija kuuliza kama wanagawa, wanasema la hasha, sisi? Maana mtu wa pale anaweza kukunyima ardhi, anaweza kukunyima binti, lakini maji hayanyimwi, na mgeni wa mjini hawezi kuja na karatasi akabadilisha hilo. Aliyeshika sharti alikuwa Hedwiga peke yake. Walimwita Mchaga mchoyo. Alimsikia mmoja akisema hivyo kisimani, akajifanya anafunga kanga.

Mambo yakaharibika zaidi siku Mama Utafiti alipoitisha mkutano wa kuwatia watu moyo. Akasimama na Kiswahili chake, akasema anataka wote wawe kama Mama Manase, ambaye chujio lake ni safi na anafuata maelekezo yote. Akampigia makofi. Akapiga peke yake. Hedwiga alikaa pale kwenye benchi, uso unawaka, akimwomba Mungu yule mama wa watu anyamaze. Violet alikuwa benchi la nyuma yake. Hakusema neno, na Hedwiga alitamani aseme.

Mama yake alipofariki Kibosho, ndipo Hedwiga alipojua bei kamili ya lile neno lake. Pale kitongojini mtu akifiwa, kina mama hukodi gari wakaenda naye mpaka kaburini, hata kama ni mbali, wanaimba njia nzima. Hedwiga mwenyewe alishakwenda hivyo kwa wengi, akirudi hana sauti. Safari hii alifunga mzigo wake, akakaa barazani akingoja. Abdiel akatoka akatazama njia, akaingia, akatoka tena. Mwishowe akasema, "Twende, mke wangu." Wakaenda wao na watoto. Kule Kibosho shangazi yake aliuliza, "Watu wa kwako wako wapi?" Akadanganya kwamba gari liliharibika njiani.

Aliyavumilia yote kwa sababu alikuwa na fungu lake. Kila alipokuwa anafungua koki na maji yakilia kwenye kikombe cha Elinami, alikuwa anajisemea: hii ndiyo miguu yake. Wacha wanichukie. Akikimbia huyu mtoto siku moja pale uwanjani, akiruka kamba na wenzake, nitakuwa nimelipwa. Na hakuwa mlegevu, hata maji ya kuoshea maharage alitumia ya chujio. Anayaosha, anayabandika, anatia magadi, anayaponda na ndizi mpaka yawe laini, anampozea mtoto kwa kijiko. Elinami alikuwa anapenda chakula kile kupita kitu chochote. Alikuwa anakula mpaka anasinzia na kijiko mdomoni.

Mwaka wa kwanza Nasri alipompima, miguu ilikuwa sawa. Alikuwa anamlaza mtoto kwenye ubao, anakutanisha vifundo, anapima nafasi ya magoti. Mwaka wa pili alipima, akapima tena.

"Unarudia nini?" aliuliza Hedwiga.

"Alitikisika, mama."

"Hakutikisika. Nilimshika mimi."

Nasri aliandika, hakuinua macho. Hedwiga hakuuliza zaidi, kwa sababu alikuwa ameshaona. Alikuwa ameshaona tangu mvua zile za vuli, wakati wa kumwogesha, na alikuwa amejifanya haoni, kama zamani. Usiku ule alimwambia Abdiel, "Inapinda." Abdiel aliinuka akakaa kitandani. "Chujio si lipo?" alisema. Kama mtu anayeuliza kama mlango ulifungwa.

Utafiti ukafika mwisho wake. Watoto wa chujio na watoto wasio na chujio walionekana karibu sawa tu, na wenye fedha huko ng'ambo wakaona haina haja ya kuleta mengine. Nasri alipita kuaga nyumba kwa nyumba. Kwa Hedwiga alifika amechoka, mnyonge, hana karatasi. Aliamkia, "Shikamoo mama," akakaa bila kukaribishwa.

"Marahaba, mwanangu. Na leo umekatazwa kula?"

"Leo nimemaliza kazi," alisema Nasri. "Nipe chakula, mama. Miaka miwili nanusa harufu yake tu."

Hedwiga alifurahi, pamoja na yote yaliyokuwa moyoni. Chungu kilikuwa motoni, maharage bado magumu. Akamsogezea kigoda karibu na mafiga, akavunja kipande cha magadi, akakitupia, povu likapanda. Nasri alikuwa akimsimulia habari za posa yake mjini. Akaziacha katikati.

"Mama, hicho ulichotia ni nini?"

"Magadi. Kwenu mjini hamyajui?"

"Bibi yangu anayajua. Unatia kila siku?"

"Bila hayo nitakula Jumapili maharage niliyoyabandika Ijumaa."

"Na ya Elinami?"

"Ya Elinami ndiyo natia zaidi, yawe laini."

Nasri alikula kidogo, kwa heshima, akaomba kipande. Akakifunga kwenye leso. Hedwiga alidhani anampelekea bibi yake.

Wiki iliyofuata alirudi na Mama Utafiti. Yule mama wa Kizungu alikaa kwenye kigoda kilekile, akashika mikono ya Hedwiga, na Kiswahili chote kikamkimbia. Ikabidi Nasri aseme. Walikuwa wamepeleka kipande kile kupimwa. Ndani yake kulikuwa na madini yaleyale, mengi kuliko ya kwenye maji, mengi mno. Chujio lilikuwa linafanya kazi. Maji ya Elinami yalikuwa safi. Kilichompinda kilikuwa chunguni.

"Hatukuuliza," alisema Mama Utafiti. "Tuliuliza maji. Tuliuliza sukari. Chungu hatukuuliza."

Hedwiga hakumkasirikia. Angalau angepata wa kumkasirikia, lakini alikuwa anaona machozi ya mtu mzima yakidondoka kwenye sketi. Aliuliza jambo moja tu. "Miguu itanyooka?"

Nasri alimtafsiria, ingawa mama yule alikuwa ameelewa. "Hajui," alisema Nasri. "Anasema labda hospitali kubwa, akikua, kwa kupasuliwa. Anasema hajui."

Walipoondoka alichukua fungu lote la magadi akalitupa chooni. Kisha akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, akalia kwa sauti, hata Manase akakimbilia ndani. Mkono wangu, alikuwa akisema. Mkono wangu huu huu. Kwa kijiko, nikimbembeleza. Manase, mwenye meno yake na matege yake, alikaa kando ya mama yake, hakujua amshike wapi.

Kisha akamkumbuka mtoto wa Violet. Si Hosiana, Hosiana alikuwa ameshapinda kama Elinami. Violet alikuwa amepata mwingine, wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuonjeshwa chakula. Hedwiga aliinuka, akanawa uso. Huyu bado. Huyu miguu yake bado mizima kabisa. Alihisi kitu kama furaha, akakiogopa.

Alipita kwenye kijinjia ambacho hakuwa amekikanyaga kwa miaka miwili. Akabisha hodi, kwenye jiko alilozoea kuingia bila hodi. Elinami alikuwa amemfuata, anatembea kwa kuyumba kama bata.

Violet alikuwa amekaa mbele ya mafiga, mtoto mapajani. Alimtazama Hedwiga, akamtazama Elinami miguuni, akatazama moto. "Karibu," alisema, kwa sababu hata adui huambiwa karibu.

Hedwiga alisimama. Akasema yote, mbiombio, akiogopa kukatizwa. Magadi, Mama Hosiana. Ni magadi. Yamepimwa. Mwone wangu, maji yake yalikuwa safi na bado. Usimpe huyu. Nakuomba kwa jina la Mungu, usimpe huyu chakula chenye magadi.

Violet alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa na uso wa mtu anayehesabu miaka.

"Wamekutuma tena?" aliuliza.

"Hawajanituma. Nimekuja mwenyewe."

"Mara ile ulisema ni sharti lao. Sasa wamekuja na sharti lingine." Violet alimweka mtoto vizuri mapajani. "Maji ulininyima, Mama Manase. Nikasema sawa, ana lake. Sasa unataka nisipike? Nitampa nini huyu, mawe? Kuni utanipa wewe?"

"Nitakupa," alisema Hedwiga. "Kuni nitakupa. Maharage nitakupikia mimi, nitaleta mpaka hapa kila siku."

"Wewe?" alisema Violet. Alitaka kucheka, ikashindikana. "Wewe unipe mimi kitu?"

Hedwiga angesema nini? Angemkumbusha nini, nguo za uzazi? Violet alinyoosha mkono kwenye kikopo kilichokuwa ukutani, akatoa kipande, akakivunja kwa vidole, akakitia chunguni, bila haraka, akimtazama. Akakoroga. Akachota kwa ncha ya kijiko, akapuliza, akajaribisha joto kwenye mdomo wake mwenyewe.

Hedwiga alipiga hatua moja mbele, akasimama. Hakuwa na haki ya hatua ya pili. Kijiko kikashuka, mtoto akafungua mdomo, akala.